Mfumo mmoja, kila mtu anaandika lake: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni mtunza kumbukumbu katika kituo cha afya cha serikali huku wilayani. Tuna OPD (wagonjwa wa nje), maabara, kliniki ya mama na mtoto, wodi ya wazazi na dirisha la dawa, na sote sasa tunaingiza taarifa kwenye mfumo wa kompyuta. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, bado tunavijaza pia. Mwisho wa mwezi namba za mfumo na za vitabu hazikutani. Mgonjwa mmoja unamkuta ana mafaili matatu, na ugonjwa huohuo kila daktari anauandika kwa namna yake. Tumefanya mafunzo mara mbili; wiki mbili baadaye mambo yanarudi kulekule. Mganga Mfawidhi ameniambia nilete mpango. Niandike nini?

Jibu: Ndugu yangu, mwandikie mpango ambao mafunzo yamewekwa mwishoni. Mmefundisha mara mbili na mara mbili mambo yamerudi nyuma, wala sababu si uvivu wa watu. Visanduku vyenu kwenye skrini vinasomwa kwa maana zaidi ya moja, na hakuna mafunzo yatakayowafanya watu watoe jibu moja kwa swali ambalo kila mmoja analielewa kivyake.

Chukua "mgonjwa mpya". Kwa mtu wa mapokezi, mpya ni yule ambaye hana faili kituoni. Kwa daktari, ni aliyekuja na ugonjwa mwingine, hata kama wiki iliyopita alikuwa hapohapo. Kwa MTUHA, Kitabu namba 5, cha OPD, kinataka kujua kama mtu amehudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu au ni hudhurio la marudio. Wote watatu wanajaza kwa uaminifu kabisa, na mwisho wa mwezi unapata namba tatu. Dawa yake ni kuacha kuuliza. Mfumo unajua tarehe ya hudhurio la mwisho la kila faili, basi ukokotoe wenyewe: kama hakuna hudhurio tangu Januari 1, ni mara ya kwanza mwaka huu, vinginevyo ni marudio. Kila kitu ambacho kompyuta inaweza kukipata yenyewe, mtu asiombwe kukiandika.

Kazi yenu ina hatua tatu kwa mpangilio huu: kubaliana maana, tengeneza skrini ifuate maana hiyo, kisha kagua kila wiki. Mafunzo yanafuata baada ya hapo, tena yanakuwa mafupi.

Usianze na visanduku vyote. Chagua kati ya 15 na 20 tu. Kisanduku kinaingia kwenye orodha kama kinatumika kumtambua mgonjwa, kama kinaamua dozi au matibabu, au kama kinaingia kwenye ripoti ya mwezi. Kwa kituo kama chenu nategemea orodha iwe na majina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kijiji au mtaa, namba ya simu, aina ya hudhurio, uzito, joto, shinikizo la damu, mzunguko wa mkono wa mtoto, ugonjwa, majibu ya kipimo cha malaria, wingi wa damu, dawa na idadi yake, tarehe na saa ya kujifungua, uzito wa kuzaliwa, na hali ya mgonjwa alipotoka wodini. Hivi vikikaa sawa, vingine vitafuata njia hiyohiyo.

Kila kisanduku kiandikiwe nusu ukurasa kwenye kamusi ya taarifa ya kituo. Mfano, uzito wa kuzaliwa uwe hivi:

Maana: uzito wa kwanza wa mtoto baada ya kuzaliwa, uliopimwa ikiwezekana ndani ya saa moja ya kwanza. Kipimo: gramu, namba nzima, bila nukta wala mkato. Mipaka: mfumo ukatae chini ya 300 na zaidi ya 7000, uulize tena ukiandikiwa chini ya 1500 au zaidi ya 4500. Anayeingiza: mkunga aliyezalisha. Wakati: kabla mama hajatoka chumba cha kujifungulia. Kama hakupimwa: chagua "hakupimwa", taja sababu, usiandike sifuri. Chanzo kikuu endapo skrini na kitabu vinatofautiana: Kitabu namba 12 (cha wodi ya wazazi), hadi kituo kitakapoamua vinginevyo.

Mbona gramu? Kwa sababu mkiruhusu kilo mtapata 3.2, 3,2, 32 na 3200 kwenye safu moja, na kompyuta haitajua kwamba wote ni watoto wa uzito mmoja. Halafu mwambie mkunga asome mzani kama ulivyo, asiusogeze kwenye namba ya mviringo. Mtoto mwenye uzito pungufu ni yule wa chini ya gramu 2500. Aliye na 2500 kamili hayumo. Kwa hiyo mtoto wa 2460 akiandikwa 2500, ametoka kwenye kundi la watoto wanaohitaji uangalizi wa karibu, na mama yake anaweza kuruhusiwa mapema kuliko ilivyotakiwa. Ukiona kwenye orodha ya miezi mitatu watoto wengi wana 2500, 3000 na 3500 kamili, hizo ni namba za makisio. Mzani wenyewe ukaguliwe pia: unasimama kwenye sifuri? Betri ni nzima?

Sasa jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa nje haiwezi kukutajia, nalo kwetu linaharibu taarifa nyingi: saa. Mkunga anasema "amejifungua saa 8 mchana", anaandika 08:00. Kwenye kompyuta hiyo ni saa 2 asubuhi. Alitakiwa aandike 14:00. Kosa la saa sita kwenye uchungu na uzazi si dogo. Linageuza muda wa uchungu, linageuza saa ya dozi inayofuata ya antibayotiki, na kwa mtoto aliyefariki linaweza kumtoa au kumwingiza kwenye kundi la vifo vya ndani ya saa 24. Usiku ni pabaya zaidi, kwa sababu tarehe nayo inahusika. Mama aliyejifungua saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano amejifungua Jumatano, 01:00. Wengi wanaandika Jumanne kwa kuwa zamu ilianza Jumanne.

Suluhisho zuri ni skrini inayoonyesha vyote viwili kwenye orodha ya kuchagua: "14:00, saa 8 mchana". Kama skrini haibadilishiki, bandika kadi pembeni ya kompyuta ya wodi ya wazazi yenye mistari 24, saa ya Kiswahili upande mmoja na ya mfumo upande mwingine, na chini yake maandishi: "Tarehe inabadilika saa 6 usiku." Kujua kama tatizo mnalo tayari ni rahisi. Toa orodha ya vizazi vya miezi sita, uvihesabu kwa saa. Watoto huzaliwa saa zote. Ukikuta vizazi vimejazana kati ya 01:00 na 12:00 na kuanzia 13:00 karibu hakuna kitu, wakunga wanaandika saa ya Kiswahili. Kwa taarifa za zamani zilizopita hivyo usijaribu kuongeza saa sita kwa wote kwa pamoja, maana waliojifungua usiku na waliojifungua mchana wamechanganyika. Rudi Kitabu namba 12.

Tarehe ina mtego wake mdogo: kompyuta ambayo haijapangwa upya inaweza kuwa kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. 03/04 inakuwa Machi 4 kwenye meza moja na Aprili 3 kwenye meza nyingine. Afisa TEHAMA azipitie kompyuta zote siku moja, na ikiwezekana mwezi uonekane kwa jina.

Kwenye mafaili yanayojirudia, chanzo ni mapokezi, na chanzo cha mapokezi ni foleni. Kufungua faili jipya huchukua muda uleule au mfupi kuliko kulitafuta la zamani, hivyo siku ya watu wengi faili jipya ndilo linalofunguliwa. Mfumo usiruhusu kitufe cha "sajili mpya" kabla ya kutafuta mara mbili kwa njia tofauti: kwanza namba (ya faili, ya kitambulisho au ya kadi ya bima), kisha jina la tatu pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Nimesema jina la tatu makusudi. Watu wanatafuta kwa jina la kwanza, na jina la kwanza ndilo lenye tahajia nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi. Ukiandika "Moh" hutampata aliyeandikwa "Muh".

Majina yakae kwenye visanduku vitatu, la kwanza, la baba, la babu au ukoo, na yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mpokeaji asisahihishe tahajia hata kama anaona imekosewa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Mfumo uzilinganishe na tarehe iliyoandikwa. Zikipishana, aidha namba imekosewa au kitambulisho ni cha mtu mwingine. Namba ya simu isaidie kutafuta tu, isiwe utambulisho, kwa kuwa simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Na mpokeaji asiulize "Wewe ni Asha Juma?" Mtu anayeumwa ataitikia. Aulize "Jina lako kamili nani? Ulizaliwa lini?" kisha alinganishe na skrini. Swali hilo humnasa pia aliyekuja na kadi ya bima ya ndugu yake, jambo ambalo likipita, faili moja linabeba kundi la damu na mzio wa watu wawili.

Watoto wachanga wanahitaji kanuni yao. Mtoto asiye na jina aandikwe "Mtoto wa" na majina ya mama, aunganishwe na namba ya faili la mama, na pacha wawekewe 1 na 2 kwa mpangilio wa kuzaliwa. Jina likipatikana, badilisha jina ndani ya faili hilohilo. Kosa la kawaida ni kufungua faili lingine siku ya chanjo. Na muwe macho na mapacha wakati wa kuunganisha mafaili. Kulwa na Doto wana mama mmoja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, na programu ya kutafuta mafaili yanayofanana itawaleta kama mtu mmoja. Haki ya kuunganisha wapewe watu wawili tu kituoni, wakubaliane wote, na waweke kumbukumbu ya kila waliounganisha. Mgonjwa mwenye mafaili mawili anakosa sehemu ya historia yake. Wagonjwa wawili kwenye faili moja wanaweza kupewa damu isiyo yao.

Umri usiandikwe, iandikwe tarehe ya kuzaliwa, umri ukokotolewe. Kwa mtu mzima anayeujua mwaka tu, weka Julai 1 ya mwaka huo na tiki ya "makisio". Mifumo mingine huweka Januari 1. Chagueni moja, lakini Julai inakaa katikati ya mwaka, hivyo haikosei zaidi ya miezi sita. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano usikubali makisio kabla ya kuomba kadi ya kliniki, kwa sababu ripoti ya OPD inatenganisha chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 na kuendelea. Mtoto wa miezi 11 akiitwa wa mwaka mmoja amehama kundi. Kupima ukubwa wa tatizo kwa watu wazima, chukua wenye umri wa miaka 23 hadi 62, hesabu wangapi wana umri unaoishia na 0 au 5. Kawaida ni kama mmoja kati ya watano. Wakifika nusu, mapokezi wanakadiria na hawaweki tiki.

Kwenye ugonjwa, usiwalazimishe madaktari wakariri neno moja. "HTN", "presha", "BP kupanda", "shinikizo la juu la damu": acha wote waandike walivyozoea kwenye kisanduku cha kutafuta, ila kila njia iwapeleke kwenye msimbo mmoja, I10 wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. Kinachohifadhiwa ni msimbo; maneno ni mlango tu. Tengenezeni orodha fupi ya magonjwa 60 hadi 80 yanayoonekana zaidi kwenu, ikae juu ya orodha kubwa, maana daktari mwenye wagonjwa 50 nje hatashuka mistari elfu moja. Kisha Mratibu wa MTUHA atunze jedwali linaloonyesha kila msimbo unaingia mstari gani wa ripoti. Jedwali hilo ndilo watu wengi hawana, na ndipo namba za mfumo na za vitabu zinapoachana.

Malaria itazameni peke yake. Daktari akichagua malaria kabla ya majibu ya maabara, halafu majibu yakaja hasi na hakuna aliyerudi kurekebisha, ripoti yenu imepata mgonjwa wa malaria asiyekuwepo. Kabla ya majibu andika homa, R50.9. Malaria ichaguliwe baada ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) au hadubini kuwa chanya, na ugonjwa wa awali ukae kwenye kisanduku tofauti na ugonjwa uliothibitishwa. Ripoti ihesabu wa pili tu. Mkisikia habari za ICD-11, toleo jipya la orodha hiyo, ambayo ilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022, msiichanganye na ICD-10 kwenye safu moja: shinikizo la damu lilelile kule ni BA00. Mnahama wote siku moja, au mnabaki.

Maabara ina tatizo la vizio. Wingi wa damu (hemoglobini) 11.2 kwa g/dL ni sawa na 112 kwa g/L. Sukari 5.5 kwa mmol/L ni takribani 99 kwa mg/dL, maana unazidisha kwa 18. Kreatinini kutoka mg/dL kwenda mikromoli kwa lita unazidisha kwa 88.4. Kizio kifungwe kwenye skrini, mtu asikichague. Siku mashine mpya inapoingia maabara, jambo la kwanza kabla ya kipimo cha mgonjwa ni kutazama inatoa majibu kwa kizio gani. Kliniki ya watoto nayo ina utepe wa mkono: tepe nyingine zimeandikwa kwa milimita na nyingine kwa sentimita. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na 115 ni hiyohiyo kwa milimita. Shinikizo la damu liwe visanduku viwili, cha juu na cha chini, maana likiandikwa kwa mkwaju (/) ndani ya kisanduku kimoja kompyuta inaliona kama maneno, na hamtaweza kumtafuta aliyevuka 140.

Majibu ya mRDT yawe manne: chanya, hasi, batili, haijapimwa. Kisanduku kitupu kisiruhusiwe, kwa sababu kitupu hakisemi kama mtu alisahau, hakupima, au alipima akapata hasi. Hapa ndipo niseme neno kuhusu visanduku vya lazima, maana wasimamizi wengi hudhani ukilazimisha kila kitu utapata taarifa kamili. Ukimlazimisha muuguzi asiye na mashine ya presha ajaze presha, atajaza 120/80 na mgonjwa atasonga mbele. Mmepata taarifa kamili isiyo ya kweli, mbaya kuliko pengo. Kila kisanduku cha lazima kiwe na njia halali ya kusema "hakikupimwa: kifaa hakipo" au "mgonjwa amekataa". Ukiona sababu ya kifaa imechaguliwa mara 40 kwa wiki, umepata hoja ya kuombea mashine.

Kwa sababu hiyohiyo ondoeni majibu yaliyojazwa tayari. Jinsia isije imeandikwa "ME", mRDT isije imeandikwa "hasi". Uzito wa mtoto usibebwe kutoka hudhurio lililopita. Dawa mseto ya malaria, ALu, inatolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na zaidi vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtoto aliyekuwa na kilo 13 miezi mitano iliyopita huenda leo ana 15, na namba ya zamani inampa nusu ya dozi yake. Maonyo ya skrini nayo yawe machache. Onyo linalotokea kwa kila mgonjwa wa pili hubofywa bila kusomwa.

Taarifa iingizwe na aliyepima, mahali alipopimia, palepale. Kila karatasi inayosubiri mtu mwingine aje kuiingiza jioni inapoteza kitu. Umeme ukikatika tumieni fomu iliyochapwa ikiwa na visanduku vilevile vya skrini na kwa mpangilio uleule, zenye namba za mfululizo ili ijulikane kama moja imepotea. Ziingizwe ndani ya saa 24, kwa tarehe ya huduma, si ya kuingiza, na aliyeingiza aweke tarehe na sahihi yake kwenye karatasi. Nywila isiwe ya chumba. Kompyuta ikiachwa wazi kwa jina la mtu mmoja zamu nzima, kosa halina mwenyewe na hamtajua nani wa kumsaidia. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mlinde taarifa za wagonjwa, na ulinzi hauwezekani msipojua nani alifungua faili gani.

Ukaguzi wa wiki usizidi nusu saa. Chagua mahudhurio 20 kwa bahati nasibu kutoka wiki iliyopita, na visanduku vitano vya kutazama. Hivyo ni visanduku 100, kwa hiyo kila kosa ni asilimia moja, hakuna hesabu ngumu. Linganisha na daftari la maabara, la dawa au la wodi. Mwisho wa mwezi chagua viashiria vitatu au vinne, hesabu upya kutoka chanzo, gawanya kwa ulichoripoti. Kati ya 0.90 na 1.10 ni mpaka unaotumika sana katika uhakiki wa aina hii. Daftari likiwa na wagonjwa 184 wa malaria na ripoti ikawa na 212, unapata 0.87: mmeripoti zaidi ya mlionao. Fanya pia ulinganisho wa kitu kwa kitu. Vipande vya mRDT vilivyotumika stoo vikaribiane na vipimo vilivyoingizwa. Wagonjwa wa malaria iliyothibitishwa wakaribiane na dozi za ALu zilizotoka. Watoto waliozaliwa, hai na wafu, walingane na mama waliojifungua ukiongeza mapacha.

Presha ina kipimo chake cha haraka: tazama tarakimu ya mwisho ya namba ya juu. Kwa mashine ya dijitali kila tarakimu kutoka 0 hadi 9 inatarajiwa kutokea kama mara moja kati ya kumi. Kwa ile ya kupampu kwa mkono, inayosomwa kwa 2, basi 0, 2, 4, 6 na 8 kila moja mara moja kati ya tano. Sifuri ikishika zaidi ya nusu, watu wanakadiria, au hawapimi.

Kila kosa utakalolikuta lipe sababu moja kati ya nne: maana haieleweki, skrini inakosesha, kifaa hakipo au ni kibovu, au mtu hajui. Ni la mwisho tu linaloponywa na mafunzo, nayo yawe dakika kumi mezani pake, kwa mfano wake mwenyewe. Majina ya waliokosea yasibandikwe ubaoni. Watu wakiogopa, hawataacha kukosea, wataacha kukuonyesha.

Kwenye barua yako kwa Mganga Mfawidhi omba mambo haya: kikao kimoja cha saa mbili chenye mtu mmoja kutoka kila kitengo, wa zamu ya usiku akiwemo, cha kupitisha kamusi, mtu mmoja atajwe kwa maandishi kuwa mwenye kamusi, asibadilishe mtu kitu bila yeye, wiki mbili za kurekebisha skrini na kubandika kadi, kisha ukaguzi wa kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Kama mnatumia GoTHOMIS au mfumo mwingine wa kitaifa, kuna mambo hamtaweza kuyabadilisha wenyewe. Yatenganishe mapema. Ya kwenu, kama mpangilio wa tarehe za kompyuta, orodha za watumiaji na haki zao, fanyeni wiki hii. Yasiyo ya kwenu yapelekeni kupitia Halmashauri kwa maandishi, kila ombi likiwa na picha ya skrini, kosa linalotokea na mfano wa mgonjwa uliofichwa jina. Ombi la "mfumo hauko sawa" halifanyiwi kazi na mtu.

Vitabu msiviache kwa uamuzi wenu. Omba ruhusa Halmashauri baada ya miezi mitatu mfululizo ambayo viashiria vyote mlivyochagua vimekaa ndani ya mpaka. Na kwa namba za zamani ambazo mmeshaziona zina kasoro, msizifute wala kuandika nyingine juu yake. Sahihisha kwa njia inayoacha thamani ya kwanza, jina la aliyesahihisha, tarehe na sababu; zilizokwisha kuingia DHIS2, mfumo wa ripoti za afya wa taifa, zipelekwe kwa Mratibu wa MTUHA wa Halmashauri zikiwa na hesabu ya zamani, hesabu mpya na nakala ya ukurasa wa kitabu uliohesabiwa.